Mawe ya Engaruka si Mawe Matupu

Liko neno tunalolisikia hapa Levolosi, na huko vijijini mlimani Meru pia: kwamba magofu ya Engaruka ni kazi ya watu wasiomjua Mungu, basi yakibomoka, si hasara. Neno hilo twalipinga.

Engaruka iko wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Mto wa Mbu. Hapo, tangu karne ya 15 hivi mpaka karne ya 18, waliishi wakulima Waafrika. Walipanga mawe pasipo chokaa wakafanya matuta na kuta. Wakayaongoza maji ya vijito kwa mifereji, wakanywesha mashamba yapatayo hekta 2,000, wakavuna mtama. Mmeru na Mwarusha ashikaye zamu ya mfereji ajua ugumu wa kazi hiyo. Maji hayaendi kwa kuamriwa. Yataka jicho la kupima mteremko, na wazee wa kugawanya kwa haki. Watu hao hawakutuachia maandiko. Kitabu chao ni hayo mawe, na Leakey alipochimba huko mwaka 1935 alikuwa akikisoma.

Lakini kitabu hicho chararuliwa. Mifugo huangusha kuta, mvua hukata makorongo, na watu huondoa mawe ili wajenge na kulima. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863. Walakini sheria haina mikono ila mikono yetu.

Na hao wanaosema, "Ni kazi ya wapagani," na watazame Afghanistan. Huko Bamiyan palikuwa na sanamu mbili za Buddha, zilizochongwa jabalini karne ya 6 hivi. Kubwa yapata mita 55, ndogo mita 38. Wenyeji wa bonde lile ni Waislamu, wala hapakuwa na mtu aliyeziabudu tena. Hata hivyo, Machi 2001, Taliban walizilipua kwa baruti, wakisema ni sanamu za wasioamini. Je, imani ya nani iliongezeka siku ile? Yamebaki matundu matupu mwambani. Mkristo anayesema kama wao asijidhani yu mbali nao.

Tulipobatizwa, je, babu zetu walikoma kuwa wazee wetu? Tumeamriwa kuwaheshimu baba na mama. Hatukuambiwa tuulize kwanza kama walibatizwa.

Basi mfugaji na apitishe mifugo kando. Mjenzi na atafute mawe mahali pengine. Wazee wa kijiji na wamzuie achukuaye hata jiwe la mafiga. Nasi walimu tuwapeleke watoto wakaone jinsi Mwafrika alivyopima maji kabla ya shule zetu kuwako. Ukuta uliosimama miaka 300 huangushwa kwa asubuhi moja, na aliyejua kuujenga hayupo tena.