Zabibu za Dodoma: mkulima mmoja, walaji wengi

Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Usemi huo unaieleza biashara ya mvinyo wa Afrika Mashariki kuliko hotuba yoyote ya wakubwa. Kule Dodoma, Tanzania, zipo familia zilizorithi mashamba ya mizabibu kutoka kwa wazazi wao, lakini nyingi kati yao hazina chupa hata moja sokoni yenye jina lao. Wao hulima, hupalilia na kuvuna. Jina, bei na faida ni vya mwingine.

Nawaandikia leo wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu zetu waliorejea kutoka kyeyo wakiwa na akiba, ambao kila siku hujiuliza wajenge nyumba za kupangisha au wanunue teksi. Wa pili ni wafanyabiashara wanaovuka Mutukula na kurudi, wanaojua bei ya mchele na ya vitenge kwa kichwa. Nyote wawili mnaweza kuibadili hali hii, na mkapata chenu humo humo.

Kwanza tuelewe mambo yalivyo. Mizabibu ya Dodoma ilianza kustawi katika miaka ya 1950, pale wamisionari wa Kiitalia walipoipanda Bihawana kwa ajili ya divai ya misa. Ikaonekana kwamba ardhi ile kavu, ambayo wengi waliidharau, inaupenda mzabibu. Tena huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati Ulaya huvuna mara moja tu. Serikali ikaanzisha kampuni ya DOWICO kununua na kutengeneza mvinyo, na kituo cha utafiti kikawekwa Makutupora. Baadaye DOWICO ilidorora na kufa, na wakulima waliomtegemea mnunuzi mmoja wakabaki mikono mitupu. Siku hizi vipo viwanda vya watu binafsi, kama CETAWICO kule Hombolo na Alko Vintages iliyoanzishwa na Archard Kato. Wanunuzi wameongezeka, lakini udhaifu wa mkulima uko pale pale.

Udhaifu huo ni upi? Zabibu ya mvinyo haingoji. Ikishakatwa, kwa joto lile, siku chache tu huanza kuoza. Kwa hiyo mnunuzi akichelewesha lori au akishusha bei, mkulima hana la kufanya ila kukubali. Lakini akiwa na mashine ya kukamulia na matangi safi yaliyofungwa vizuri, atapata kile wanachokiita huko mchuzi wa zabibu, na mchuzi unaweza kungoja bei. Tofauti kati ya kuomba na kujadiliana ni tangi.

Je, haya ni mageni? Hata kidogo. Sisi hapa Uganda tuliyaona. Sheria ya Enguli ya miaka ya 1960 ilipiga marufuku kutengeneza enguli bila leseni. Wenye leseni wakatakiwa kukiuzia kiwanda, nacho kikaisafisha na kuitia chupani kwa jina la Uganda Waragi. Jina hilo likajulikana duniani. Mama wa kijijini aliyeivisha ndizi zake na kuchemsha pombe ile, nani anamjua?

Hata Ufaransa, ambako watu hudhani familia zilizaliwa na chupa mkononi, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi mashamba ya Bordeaux yaliuza mvinyo kwa mapipa, na matajiri wa mjini ndio waliotia chupani na kuweka lebo. Mwaka 1924 Philippe de Rothschild, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akisimamia shamba la familia yake la Mouton, aliamua kwamba mvinyo wote utatiwa chupani pale pale shambani. Uamuzi huo ulimlazimu kujenga ghala kubwa, kwa sababu mvinyo ambao hapo awali ulikuwa ukiondoka na mapipa sasa ulibaki kwake.

Mtaniambia huyo alitoka ukoo wa mabenki. Ni kweli. Basi watazameni maskini wa kusini mwa nchi hiyo hiyo. Kule Maraussan, mwaka 1901, wakulima wadogo wa mizabibu waliungana katika ushirika ili wauze mvinyo wao pamoja, na baadaye wakajenga ghala lao. Mwaka 1907, bei ilipoanguka, wakulima wa eneo zima la kusini waliandamana kwa maelfu. Tangu hapo ghala la ushirika likaenea vijiji vingi. Tajiri alijenga peke yake, maskini walijenga kwa kuchangiana, lakini wote walifuata kitu kimoja: mahali pa kuuweka mvinyo hadi wapate bei.

Sasa nirudi kwako uliyerejea na akiba. Kununua shamba Dodoma si jambo jepesi kwa mgeni, na wala si lazima. Mizabibu ipo na wenyewe wapo. Kinachokosekana ni matangi, mashine, chupa na mtaalamu, maana mchuzi ukiingiwa na hewa hugeuka siki. Ingia ubia na kikundi cha familia kupitia kampuni iliyosajiliwa, kwa mkataba unaosema wazi kwamba jina la kwenye lebo ni mali ya pamoja. Ukienda kununua mchuzi kwa bei ya kutupa, utakuwa mlaji mwingine tu katika foleni ile ile.

Na wewe unayevuka mpaka, usidanganywe na njia za panya. Mvinyo si maharage. Hapa kwetu kila chupa lazima iwe na stempu ya kodi ya kidijitali, na bila hiyo mzigo utakamatwa hata ukiwa tayari dukani Kikuubo. Dai cheti cha uasilia, kwa sababu bidhaa ya Jumuiya yenye cheti hicho haitozwi ushuru wa forodha, wakati mvinyo wa Ulaya au Afrika Kusini hutozwa. Angalia pia alama ya ubora ya TBS, ambayo nchi wanachama zimekubaliana kuiheshimu.

Hapo linabaki la serikali. Sheria yetu ya ushuru wa bidhaa huutoza mvinyo wa malighafi za nchini kidogo kuliko mvinyo mwingine. Tanzania nayo huupunguzia mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za kwao. Kila nchi inalinda wake, sawa. Lakini tuliungana ili iweje? Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua, katika kesi ya sigara zilizotoka Kenya, kwamba Uganda haikuwa na haki ya kuzitoza ushuru mkubwa kuliko za hapa. Kwa maoni yangu, hoja hiyo haiishii kwenye sigara. Zabibu ya Dodoma ihesabiwe ya nyumbani Kampala, na mvinyo wa ndizi wa Masaka uhesabiwe wa nyumbani Dodoma. Wabunge wetu walijadili hilo waziwazi.

Wapo wasomaji ambao dini yao inakataza kileo, nami nawaheshimu. Kwao hoja ni ile ile kwenye kahawa na asali. Familia inayouza kilichovunwa jana kwa sababu haina pa kukiweka itaendelea kuuza kwa bei ya mwingine. Anayetaka kuisaidia, na kujisaidia mwenyewe, aanze na ghala.