"Toa Siasa", Eti
Na Kalume wa Pwani

Jumamosi nilialikwa Malindi, hapa Kilifi, kusikiliza vijana wakisoma hadithi zao mashindanoni. Nilikwenda kwa roho safi, na kwa sababu nyingine wasomaji wangu wa zamani wanayoijua: palikuwa na biriani.

Akasimama binti mmoja, sare ya shule, karatasi inamtetemeka mkononi. Katika hadithi yake, kamati ya kaa inaikata bahari vipande na kutoa hati miliki. Mvuvi anarudi alfajiri na ngalawa yake, anakuta ukuta majini na askari anayemdai kibali cha kutua. Samaki nao wameorodheshwa kuwa maskwota. Mwenyekiti wa kaa, mwenye kitambi, husema "maendeleo" kila anapomkanyaga mtu. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama mmoja nyuma yangu alicheka hadi leso ikamdondoka, kisha ghafla akanyamaza kimya.

Jaji, tai shingoni katika joto lile, akakohoa. "Hadithi nzuri sana, mwanangu. Lakini toa siasa."

Hamu ya biriani ikanitoka. Mnaonijua mnafahamu uzito wa jambo hilo.

Atoe siasa abaki na nini? Mchuzi wa kaa? Kilifi hii mtu huzaliwa, akazeeka na akazikwa akiitwa skwota katika ardhi ya babu yake. Wavuvi wamezibiwa njia za kushukia baharini kwa kuta za hoteli na majumba ya kifahari. Binti hakwenda kuitafuta siasa, aliikuta ufukweni. Na kejeli aliitumia kwa akili: angeyasema hayo kwenye baraza la chifu, angeambiwa akae chini. Kupitia kaa, aliyekanyagwa alicheka na mkanyagaji hakuwa na pa kushtaki.

Kama mtoto anawatia kiwewe hivi, mwandishi Katama Mkangi mngemfanyaje, naye ni mwana wa Kilifi hii hii? Aliwachana watawala katika riwaya yake Mafuta, mwaka 1984. Mwaka 1986 serikali ya Moi ikamtia kizuizini. Alipotoka hakugeukia kusifu maua. Mwaka 1995 akatupa Walenisi, ambamo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anasafiri na chombo cha angani hadi nchi ambako watu ni sawa. Na Shaaban Robert wa Kusadikika je? Huyo tunamsifu kwa maadili mema, kana kwamba mahakama ya kitabu kile ilikuwa ikijadili adabu za mezani.

Basi akaingia mgeni rasmi, mwanasiasa, kachelewa. Akashika maikrofoni, akamponda mpinzani wake mpaka biriani ikapoa. Bwana Tai akapiga makofi. Hakuna aliyemwambia atoe siasa.

Mkangi mwenyewe aligombea urais mwaka 1997 kwa tiketi ya chama cha Kenya National Congress (KNC), akaambulia kura chache. Sijakutana na mtu anayekumbuka ahadi zake za kampeni. Walenisi bado inasomwa.