KUNYAMAZA KWETU NI MTAJI WA TAPELI

Kila sifa njema inamstahikia Allah (s.w.), aliyehalalisha biashara na kuharamisha dhulma. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyefanya biashara kabla ya utume na akajulikana kwa watu wa Makka kwa uaminifu wake.

Ama baada ya hayo, tahariri ya mwezi huu tunaianza kwa kukiri kosa. Waumini wa Ilula wana haki ya kulijua, kwa sababu fedha iliyopotea ilikuwa yao, na kwa sababu madhara ya kosa hilo hayakuishia katika fedha.

Mwaka jana madrasa yetu ilihitaji mashine ya fotokopi kwa ajili ya mitihani na vitabu vya watoto. Baada ya swala za Ijumaa mbili waumini walichanga. Wengi wao walikuwa wakulima waliotoka kuuza nyanya, na wengine walitoa huku mazao yao yakiwa bado shambani. Mmoja wetu akaona kwenye simu tangazo la mashine iliyotumika kidogo, inayouzwa Dar es Salaam kwa shilingi 450,000. Bei hiyo haikufika hata nusu ya ile tuliyotajiwa madukani Iringa mjini. Tulipompigia muuzaji alitupokea kwa salamu kamili, akatuita masheikh, akatuambia kwamba anafunga ofisi yake na kwamba kwa kuwa mashine inakwenda madrasa, kwake ni sehemu ya sadaka.

Akaomba kianzio cha shilingi 150,000. Tulipotaka kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, tofauti kabisa na jina alilotupa. Tulimuuliza, akasema namba ni ya mke wake. Tukaridhika, tukatuma. Kesho yake akatuletea picha ya risiti ya mzigo wa basi na kutuhimiza tumalizie fedha iliyobaki ili basi lisiondoke bila mzigo. Tukatuma. Usiku ule wajumbe wawili wa kamati walisimama kando ya barabara kuu wakingojea. Basi likaja, kondakta akatazama orodha yake, akasema hakuna mzigo wa Ilula wenye jina hilo. Simu ya muuzaji ilikuwa imezimwa.

Hayo yamewapata wengi, na tungeweza kuyaita mtihani tukayaacha hapo. Lakini kosa letu kubwa ndipo lilipoanza. Kamati ilikaa, ikaona aibu. Tukakubaliana tujichange wenyewe tulipe fedha ile kimya kimya, tusiseme kwa yeyote, tulinde heshima ya madrasa. Tukadhani huo ni uadilifu. Mwezi mmoja baadaye alitujia kijana wa jamaa yetu, ambaye alikuwa ameuza vitunguu vyake vya msimu mzima ili anunue pikipiki ya bodaboda. Alikuwa ametuma shilingi 1,200,000 kwa muuzaji wa Dar es Salaam, na pikipiki haikufika. Alitaka ushauri. Tulipomwomba atuonyeshe namba aliyotumia, ilikuwa ni ileile.

Hatukuwa na neno la kumwambia. Laiti tungesimama msikitini Ijumaa ile ya kwanza na kuitaja namba ile, kijana yule angekuwa na pikipiki yake leo, au angalau angekuwa na fedha yake mfukoni. Tapeli alichukua fedha yetu kwa ujanja wake, lakini fedha ya kijana huyu aliipata pia kwa msaada wa ukimya wetu.

Aghalabu tunaponyamaza huwa tunajifariji kwa hoja ya dini. Tunasema Uislamu umehimiza kusitiri, na kwamba kumtaja mtu kwa ubaya ni kumsengenya. Ni kweli kwamba kusengenya ni haramu. Lakini wanavyuoni wamebainisha wapi hukumu hiyo inaanzia na wapi inakoma. Imam An-Nawawi katika kitabu chake Riyadhus Swalihin ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa aliyoyafanya kunaruhusiwa kwa lengo sahihi la kisheria. Miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu kwa mwenye mamlaka, na kuwatahadharisha Waislamu wasiingie katika shari. Sitara ni kwa aliyeteleza akajificha kwa haya. Ama yule ambaye kila asubuhi anaweka tangazo jipya ili amtafute wa kumla, kumsitiri ni kumsaidia.

Tusidhani pia kwamba dhulma hii ni mpya kwa vile chombo chake ni kipya. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuuza kitu asichokuwa nacho. Alikataza najshi, yaani mtu kujitia mnunuzi na kupandisha bei ili kuwahadaa wengine. Leo najshi imehamia kwenye simu: chini ya tangazo utawakuta watu watano wanaosema "nimepokea mzigo wangu, Mungu akubariki", na huenda wote watano ni mtu mmoja. Vilevile katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuchunguza habari kabla ya kuitenda, tusije tukajuta. Sisi tuliifundisha aya hiyo darasani, kisha tukaiweka kando mbele ya bei nafuu.

Basi ni vyema tutaje alama ambazo sisi tuliziona tukazipuuza, na nyingine tulizojifunza baadaye.

Ya kwanza ni bei. Kitu kizuri kinachouzwa chini ya nusu ya bei ya soko kina sababu, na mnunuzi ana haki ya kuijua sababu hiyo kwa macho yake. Ya pili ni kutaka fedha kabla ya kuona, iwe kwa jina la kianzio, ada ya kufungasha au nauli ya mzigo. Ya tatu ni jina. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri limewekwa hapo kwa faida yako. Lisipofanana na la muuzaji, simama. Ya nne ni haraka: kuna mteja mwingine, basi linaondoka, ofa inaisha leo. Muuzaji wa kweli huweza kungoja uende ukaulize. Ya tano ni kutumia dini kama dhamana. Salamu ni sunna, na kuijibu ni wajibu, lakini haijawahi kuwa risiti.

Kwa wakulima wetu wanaotangaza nyanya na vitunguu katika makundi ya WhatsApp, ipo hila inayokuja kwa sura ya mnunuzi. Anakubali bei bila kubishana, kisha unapokea ujumbe mfupi unaofanana na ule wa kampuni ya simu, kwamba umepokea fedha. Mara anapiga, anasema amekosea amezidisha, anaomba umrudishie kilichozidi. Ukirudisha, umetoa fedha yako mwenyewe. Ukiletewa ujumbe wa namna hiyo, usiutazame ujumbe. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya simu uangalie salio. Na asiwepo hata mmoja, awe mnunuzi au anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu, atakayepewa namba ya siri.

Vijana wanaotafuta kazi nao wana lao. Tangazo linalodai ada ya fomu, ya usaili au ya sare kabla ya kazi ni la kutilia shaka. Kazi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kuomba hakulipiwi. Msiba wa matangazo haya unaweza kuvuka fedha. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kuokolewa kwa raia wake waliovutwa kwa ahadi ya kazi Thailand, wakajikuta Myanmar wakilazimishwa kuwatapeli watu wengine kwa njia ya mtandao.

Sasa, ikiwa yametokea, nini kifanyike?

Jambo la kwanza ni wakati. Fedha iliyotumwa ikiwa bado ipo kwenye akaunti ya aliyepokea huweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo piga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja katika mitandao yetu ya simu, ueleze na utoe namba ya muamala. Usitumie saa za mwanzo kubishana na tapeli. Kila dakika unayozungumza naye ni dakika anayopata ya kutoa fedha.

La pili ni ushahidi. Usifute ujumbe wowote kwa hasira. Hifadhi picha ya tangazo, mazungumzo, namba na majina.

La tatu ni kuripoti. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeweka namba 15040 ambayo ujumbe wa kitapeli na namba iliyotumika hutumwa huko. Kisha nenda kituo cha polisi, ueleze, ufunguliwe jalada na upewe namba ya RB. Tangu mwaka 2015 tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao, inayohusu udanganyifu kwa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine mtandaoni. Mitandao ya matangazo, kama Jiji na soko la Facebook, nayo ina sehemu ya kuripoti tangazo. Itumie hata kama wewe uliponea chupuchupu.

Wapo watakaosema: nimeripoti, sikurudishiwa. Inawezekana. Kijana wetu wa pikipiki ameripoti, na mpaka tunaandika haya hajarudishiwa hata shilingi. Lakini namba iliyoripotiwa na watu ishirini haina nguvu sawa na namba ambayo watu ishirini wameinyamazia. Faida ya ripoti yako huenda ikampata usiyemjua, Makambako au Mbalizi, ambaye hatatuma fedha yake kesho. Na malipo ya jambo hilo hayapotei mbele ya Allah (s.w.).

Tukumbushane pia usajili wa laini. Tangu kuanza kwa usajili wa alama za vidole mwaka 2019, kila laini ina jina la mtu. Matapeli hutafuta laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Piga *106# uangalie laini zilizo chini ya kitambulisho chako, na usikubali kumsajilia laini mtu usiyemjua kwa sababu ya shilingi elfu mbili. Siku moja jina litakalotokea kwenye simu ya aliyedhulumiwa litakuwa lako.

Mwisho, tusimalize bila kujitazama. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakutana na unyevu uliofichwa chini. Alimlaumu mwenye nafaka kwa kutouweka juu watu wakauona, akajitenga na mwenye kughushi. Watu wa Ilula tunalielewa tukio hili kuliko wengi. Tunajua tenga lililopangwa nyanya nzuri juu na mbovu chini. Tunajua machungu ya lumbesa, pale mkulima anapolazimishwa kujaza gunia mpaka linaota kichwa na kulipwa bei ya gunia moja. Suratul Mutaffifin iliwaonya wanaodai kujaziwa kipimo wanapopokea na kupunja wanapotoa. Jamii inayovumilia udanganyifu wa tenga haina sauti ya kuukemea udanganyifu wa simu. Tuanze na matenga yetu.

Kwa upande wetu, kamati imeamua mambo matatu. Hakuna fedha ya madrasa itakayotumwa kwa muuzaji yeyote kabla ya mtu wetu, au ndugu tunayemwamini aliye mji ule, kukiona kitu na kukishika. Namba na hila zitakazothibitika zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa baada ya swala ya Ijumaa. Na atakayekuja kutuambia kwamba ametapeliwa hatachekwa wala hataulizwa mbele za watu alikuwa na akili gani.

Kijana wetu tulimwomba radhi kwa kumficha tulilolijua. Alitusamehe, Allah amlipe kheri, ila alituuliza swali moja ambalo tunawaachia waumini wote: "Mwalimu, kama mlijua, mlikuwa mnamngoja nani?"

Wabillahi tawfiq.