Usimwachie Fundi Vipuri vya Gitaa Lako

Wiki hii nimeweka programu kando, ndugu wasomaji. Tuzungumze magitaa ya umeme. Subirini kidogo, mambo ya data yamo humu tele.

Hapa Kitale, na hata ukishuka Bungoma, gitaa kuukuu la umeme likienda kwa fundi hurudi likilia vizuri, lakini vipuri vilivyotolewa havirudi. Vinabaki kwenye kopo la fundi au vinaishia jaani. Mimi nasema huko ni kufuta data, na tunapoteza pesa na historia kwa mpigo mmoja.

Chukua kitufe cha sauti. Chini yake kuna kile kifaa ambacho mafundi wa redio hukiita voliumu. Ukikitoa kwenye gitaa la Kimarekani la miaka ya 1960, mara nyingi utakuta tarakimu zimepigwa ubavuni, tuseme 1376322. Tatu za kwanza ni za mtengenezaji: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki, kwa hiyo hapa ni wiki ya 22 ya 1963. Kama kifaa hicho ndicho kilichotoka kiwandani, gitaa haliwezi kuwa la kabla ya wiki hiyo. Sasa fundi akiweka kipya cha shilingi mia na kutupa hicho cha zamani, ametupa cheti cha kuzaliwa. Pikapu nazo (si gari, ni vile visumaku vilivyozungushiwa waya, vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi) husema mengi, na hata lehemu ikiguswa baadaye, mwenye jicho huona.

Shingo ni hadithi ndefu zaidi. Fender walipoanza kuuza Stratocaster mwaka 1954, shingo yake ilikuwa kipande kimoja cha mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Mwaka 1959 wakaanza kubandika juu yake ubao wa rozwudi, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Mwanzoni ubao huo ulikuwa mnene, chini yake bapa. Katikati ya 1962 wakaufanya mwembamba uliopinda. Kama rozwudi inalia tofauti na mepo, hayo nawaachia wenye masikio, maana ubishi wake hauishi. Linalonivutia mimi ni kwamba mbao ni tarehe. Anayekuuzia Stratocaster "ya 1957" yenye ubao wa rozwudi ana maswali ya kujibu.

Halafu kuna sheria. Rozwudi ya Brazili, iliyotumika kwenye magitaa mengi ya Marekani hadi katikati ya miaka ya 1960, iko kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES tangu 1992. Januari 2017 ukoo mzima wa miti hiyo, mpingo ukiwemo, uliwekewa vibali. Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikalegezewa masharti, lakini si zenye ile ya Brazili. Kwa hiyo kama mnunuzi wako yuko London, jina la mbao si pambo. Linaweza kuzuia mzigo forodhani.

Najua mtaniambia: Leo Fender mwenyewe alifunga shingo kwa skrubu nne ili ibadilishwe kwa urahisi, sasa wewe unalilia nini? Kweli kabisa. Na sina subira na wakusanyaji wanaofungia gitaa kwenye sanduku lisiguswe. Kiangazi cha Januari hapa kikipindisha shingo, itengenezwe, watu wacheze. Ninachotaka ni kumbukumbu.

Mfano mzuri ni gitaa jeusi la David Gilmour wa Pink Floyd, Stratocaster ya 1969. Lilibadilishwa shingo mara kadhaa, likatobolewa, likazibwa tena. Siku ya mnada wa Christie's jijini New York, Juni 2019, shingo iliyokuwa juu yake ilikuwa ya miaka ya 1980. Likauzwa dola 3,975,000, rekodi ya wakati huo. Jina la mwenyewe lilichangia sana, sikatai. Lakini kila badiliko lilikuwa limeandikwa na fundi wake, kiasi cha kutoa kitabu. Lile jembe la babu lililobadilishwa mpini mara tatu bado ni la babu, ilimradi kuna aliyeandika.

Sisi nani aliandika? Fundi Konde alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Equator Sound Band ya Daudi Kabaka na Fadhili William ilitikisa Nairobi miaka ya 1960. Nchi jirani, NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama: mpiga gitaa akihama, gitaa linabaki. Chombo cha namna hiyo hakina jina la mtu juu yake. Kikiuzwa, kikapakwa rangi upya, kikafungwa vifungio vipya vya kukazia nyuzi, kesho kikatokea kanisani Kiminini, utathibitishaje kilikotoka? Kilichobaki ni zile tarakimu ubavuni na penseli iliyoandikwa kwenye kisigino cha shingo.

Kwa hiyo, kabla ya fundi kugusa chochote, piga picha kila upande, na ndani pia. Mwambie mapema kwamba vipuri ni vyako, hata vilivyokufa. Asipanue matundu ya vifungio kama kuna vinavyoingia bila kutoboa. Rangi ya asili iache na mikwaruzo yake, maana kupaka upya kwaweza kukata bei karibu nusu. Kisha fungua faili ya maandishi ya kawaida: tarehe, kilichotoka, kilichoingia, nani alifanya. Skrubu nne za shingo ziingie kwenye bahasha ya vipuri, hata zikiwa na kutu.