Sikukuu ya Mwisho wa Vita Iko Wapi?

Kila tarehe 30 Aprili watu wa Vietnam huadhimisha siku ambayo vita vyao vilikoma mwaka 1975. Sisi wa Ndabibi twauliza: vita vya ardhi na uhuru vya Kenya vilikoma lini?

Tarehe 20 Oktoba twaadhimisha mwanzo tu, yaani kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952. Tena sikukuu hiyo iliitwa kwa jina la Kenyatta, kana kwamba msituni hakukuwa na mtu, hata Katiba ya 2010 ilipoifanya Siku ya Mashujaa. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, na siku hiyo haina sikukuu.

Sababu yake twaijua. Bendera ilipandishwa 1963, lakini sheria ya mkoloni iliyopiga Mau Mau marufuku ililindwa mpaka 2003! Waliovamia kituo cha polisi hapa jirani Naivasha, tarehe 26 Machi 1953, wakafungulia wafungwa, walibaki haramu miaka 40 chini ya serikali yao wenyewe. Waliorithi mashamba ya walowezi waliogopa kuulizwa kuhusu ardhi.

Enyi waumini, Waisraeli walisimamisha mawe kumi na mawili ili watoto waulize, na wazee wajibu. Basi tuwaulize wazee wetu wangali hai, tuyaandike majibu yao. Vita vilivyopiganwa kwa ajili ya ardhi havimalizwi kwa gwaride. Humalizwa kwa haki.