Dengue kwa Watoto: Hesabu ya Hospitali Haitoshi

Mlipuko wa homa ya dengue wa mwaka 2014 uliathiri zaidi Wilaya ya Kinondoni, iliko Kata ya Tandale. Mwaka 2019 Jiji la Dar es Salaam lilikumbwa tena. Idadi iliyotangazwa ilitokana na waliofika vituoni na kupimwa. Kwa watoto, hesabu hiyo ni pungufu.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha maambukizi milioni 390 duniani kila mwaka, milioni 96 tu yakiwa na dalili. Hata mtoto mwenye homa hudhaniwa ana malaria.

Njia ya uhakika zaidi ni kupima damu za watoto na vijana majumbani, wazima na wagonjwa, kutafuta kingamwili. Hapo umri ndio wenye kueleza mengi. Walioambukizwa wakiongezeka taratibu kadiri umri unavyopanda, virusi vinazunguka mtaani kila mwaka; idadi ikiruka ghafla kwa waliozaliwa kabla ya 2014, hiyo ni alama ya mlipuko. (Kipimo huweza kuchanganya dengue na virusi vya jamii yake, ikiwemo homa ya manjano, hivyo majibu yahakikiwe.)

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Dengue ina aina nne za virusi, na aliyewahi kuambukizwa aina moja huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vikali akipata nyingine. Mbu wake huuma mchana, mtoto akiwa shuleni, mbali na chandarua, na huzaliana katika mapipa ya maji ya nyumbani.