Akiba ya Takwimu Huoza: Soko la Dhahabu na Seva ya Pili

Akiba haiozi, walinena wahenga. Kauli hiyo ni ya kweli kwa dhahabu iliyofungiwa kabatini. Kwa takwimu za soko si ya kweli hata kidogo.

Dhahabu inayofika Geita mjini kutoka Nyarugusu, Katoro na Rwamgasa hupimwa kwa gramu, lakini bei yake huanzia mbali. Soko la dunia hutaja bei kwa dola na kwa wakia, ambayo ni sawa na gramu 31.1. Tume ya Madini hutoa bei elekezi, kisha muuzaji na mnunuzi hupiga hesabu kwa shilingi.

Bei hiyo haitulii. Oktoba 21, 2025 dhahabu ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Mnunuzi aliyelipia gramu 100 kwa bei ya jana yake alipoteza thamani ya gramu 5 kabla hajafunga kabati. Siku bei inapopanda, hasara humwangukia mchimbaji.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Mtambo wa dirishani hauwezi kuuliza makao makuu kila mteja anapofika. Huweka karibu yake nakala ya majedwali yanayotumika sana, na nakala hiyo huitwa kashe. Ni sawa na mwenye duka anayebandika bei ukutani badala ya kufungua daftari kila anapoulizwa.

Kashe huharakisha kazi, lakini ikikaa kwenye seva moja tu, seva hiyo ikizimika foleni nzima husimama. Dawa inayojulikana ni kuwa na seva mbili: moja kazini, ya pili ya akiba ikipokea kila badiliko. Programu kama TimesTen, ambayo Oracle iliinunua mwaka 2005, hufanya kazi kwa mtindo huo. Ya kwanza ikianguka, ya pili hushika nafasi yake.

Wapo wanaodhani kuwa kununua seva ya pili kunamaliza mjadala. Hawako sahihi, na kosa lao linaweza kuwa ghali.

Kwanza, lazima itenganishwe nakala ya kusoma na nakala ya kuandikia. Bei ni ya kusoma tu, hivyo inaweza kunakiliwa kwenye kila dirisha bila madhara, mradi kila nakala ioneshe saa iliyochukuliwa. Nakala ya bei isiyo na saa ni hatari kuliko kutokuwa na bei, kwa kuwa anayeisoma huiamini.

Malipo ya mrabaha na ada ya ukaguzi ni jambo jingine. Hayo huandikwa, na daftari lake haliwezi kuwa na mabwana wawili. Waya kati ya seva mbili ukikatika huku zote zikiwa hai, kila moja inaweza kudhani mwenzake amekufa. Mzigo mmoja wa dhahabu ukaandikwa mara mbili. Ndiyo maana seva ya zamani huzimwa kwanza kabla ya mpya kukabidhiwa kazi, nayo ikirudi huanza kwa kunakili upya yote yaliyoandikwa ilipokuwa haipo.

Pili, seva ya akiba inayopokea mabadiliko kwa kuchelewa hupoteza yale ya sekunde za mwisho. Kwa bei si kitu, maana itasomwa tena. Kwa malipo, mchimbaji atakuwa amelipa na mtambo haumtambui. Kwa hiyo risiti isitoke mpaka seva zote mbili zikiri kuwa zimeandika. Utaratibu huo hupunguza kasi kidogo, lakini ni nafuu kuliko ugomvi wa kaunta.

Tatu, nyaya mbili zinazopita njia moja ni waya mmoja. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Wakazi wa Geita wanalijua somo hili bila kompyuta. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, magari yaliyokwenda Mwanza kwa njia hiyo yalisubiri kivuko. Kuongeza magari barabarani hakukusaidia kitu wakati kivuko kimesimama.

Gharama za haya yote zitalalamikiwa. Ikumbukwe, hata hivyo, kwa nini soko lilianzishwa. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafungua soko la dhahabu Geita. Nia ilikuwa kuifanya njia halali iwe rahisi kuliko ya panya.

Mchimbaji mwenye vijana kumi wanaosubiri mgawo hawezi kulala mjini kwa sababu mtambo umegoma. Mnunuzi wa vichochoroni hana seva, ana mzani na fedha taslimu, naye hafungi. Kila saa ambayo dirisha halali limefungwa ni saa ya biashara kwake.

Jambo la mwisho halihitaji fedha nyingi. Seva ya kazini izimwe kwa makusudi, siku iliyopangwa, asubuhi kabla ya wateja, ionekane kama ya pili inashika kazi na kwa dakika ngapi. Akiba ambayo haijajaribiwa ni matumaini tu, na matumaini hayapimwi kwa gramu.